Mkopo Uliongoja Pamba

Bariadi,
14 Desemba

Kaka yangu mpendwa Januarius,

Mwangaluka, kaka. Unaendeleaje huko Malampaka, na kifua chako kinasemaje na lile vumbi la mpunga? Mama yuko hapa kwangu tangu Jumapili, anakula vizuri, na kazi yake kubwa ni kunisema kwamba nimekonda. Sote wazima, Mungu ni mwema.

Kaa chini kwanza, nina habari. Nimepewa kadi ya mkopo! Ndiyo, mimi Felisita, fundi sweta. Nimeichukua juzi, ina jina langu kwa herufi zilizonyanyuka, ukipitisha kidole unazigusa. Mama alipoipitishia kidole akaniuliza kama ni ya kupigia kura. Nilitembea nayo mkononi kutoka benki hadi kibandani kwangu sokoni, na mkoba nilikuwa nao.

Wala si kwa maringo tu. Shule ya masista imenipa kazi ya sweta mia tatu za Januari, nao hulipa wakishazipokea. Muuzaji wa nyuzi wa Dar hatoi hata bunda moja bila malipo. Sasa nalipa kwa kadi, nafuma, shule inanilipa, nami nairudishia benki ndani ya siku zake. Nyuzi ziko njiani tayari, rangi ya damu ya mzee.

Lakini ungejua nilikopitia. Mwezi wa tano niliomba kadi hiyohiyo nikanyimwa. Nilishangaa, maana nilijiona mteja safi: ule mkopo wa mashine ya kufumia, ambao wewe ulinidhamini, si niliumaliza wote na riba yake? Bwana Muksini, afisa mikopo, akanigeuzia kompyuta nijionee. Kweli umelipwa, ila miezi sita mfululizo imeandikwa kwamba nilichelewa. Kaka, mimi nilidhani benki ni kama chama chetu cha ushirika. Ushirika si unatupa mbegu na dawa, halafu unakata chake pamba ikishauzwa? Hakuna anayekugongea mlango katikati. Basi nikakaa nikisubiri pamba yangu. Benki walipopiga simu niliwajibu kwa upole kabisa kwamba wasihofu, msimu ukifunguliwa wataniona. Na wakaniona. Nilikwenda na fedha yote kwa siku moja, kifua mbele, nikitegemea hata soda.

Muksini alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanieleza kwamba anayetoa kadi haangalii tu kama deni liliisha. Anaangalia kila mwezi ulifanya nini, kwa sababu kadi nayo inadai kila mwezi. Akanishauri nichukue mkopo mdogo wa miezi sita, nilipe kwa tarehe, halafu nirudi. Tarehe ishirini ya kila mwezi nilikuwa pale kabla mlinzi hajafungua mlango, hata mwezi ule wa malaria nilikwenda nikitetemeka. Ndiyo maana juzi nilipokabidhiwa kadi nililia mbele za watu.

Sasa, kaka, furaha hii naikatiza mwenyewe. Siku ileile ya mwezi wa tano Muksini aliniambia kwamba kuchelewa kwangu kulimchafulia jina hata mdhamini. Mdhamini ni wewe. Mwezi wa tatu ulipoomba kadi ya kununulia vipuri vya mashine yako ya kukoboa, ukaambiwa jina lako limo kwenye mkopo uliocheleweshwa, mkopo huo ulikuwa wangu. Hukuuliza ni wa nani. Wangu ulijua umekwisha, maana mimi mwenyewe nilikuapia. Ukarudi nyumbani ukamshutumu wifi Gloria kwamba amekopa kwa jina lako kwenye kikundi chake cha akina mama. Akakana, ukamwita mwongo mbele ya Mama, naye akakusanya nguo zake akarudi kwao Mkula.

Nimejua tangu mwezi wa tano na nikanyamaza. Niliogopa hasira zako, lakini ukweli zaidi ni kwamba niliitaka kadi kwanza. Kila mwezi nilijiambia nitasema nikishaipata. Naona aibu hata kuliandika hili.

Jana nilikwenda Mkula. Nilipiga magoti uani kwao, nikamweleza wifi kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho huku akipeta mchele. Nikamwomba arudi Malampaka, nikamwambia nitakuandikia wewe barua ujue kosa ni langu. Akaweka ungo chini, akasema, "Mwandikie. Lakini yeye alinitukana kwa mdomo wake, basi aje na mdomo wake."

Nikasirikie, kaka, ni haki yako, ila kwanza nenda Mkula. Mama anakusalimu sana, na anasema ukifika umpe wifi salamu zake kabla hujasema za kwako. Ndani ya bahasha hii nimeweka karatasi ya benki inayoonyesha ule mkopo ulikuwa wa nani. Ipeleke huko ulikonyimwa kadi. Kwa wifi usiende nayo. Yeye hahitaji karatasi, kaka. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba hakukopa.

Ni mimi mdogo wako,
Felisita