Mwenzangu Uwanjani Ni Mama

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi na huyo mtoto mnayemsingizia kwamba makelele yake amerithi kwangu. Kifua chake kimepona? Mwambieni shangazi atamletea zawadi, akinusurika na wazimu. Mimi mzima, ukiondoa lengelenge kwenye kidole gumba. Mama naye hajambo. Hajambo kupita kiasi, na hilo ndilo linalonifanya nikuandikie.

Nimejificha kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, nangoja soksi zetu zikauke. Kupiga simu siwezi. Tunalala chumba kimoja, na masikio ya Mama unayajua: yuko bafuni, maji yanamwagika, na bado anasikia mtu akifungua biskuti.

Ulisikia kwamba yule ninayecheza naye tenisi ya wawili wawili alivunjika kifundo cha mguu karibu kabisa na mashindano. Waandaaji wakasema watanipa nafasi ya mwaliko nikija na mwenzangu mwingine, na kabla sijafuta machozi Mama alikuwa ameshatoa viatu vyake kwenye begi. Nilidhani anatania. Mtu aliacha kushindana alipokuwa na mimba yako, tangu hapo ni kocha, na sasa ni bibi wa mtu! Waandaaji wakafurahi mno. Mama na binti timu moja, wapiga picha walitufuata mpaka kwenye meza ya chai.

Nikajiambia sawa, nitambeba. Mchezo wa wawili wawili hauna huruma, Kaka. Kila timu inatafuta nani mnyonge upande wa pili, na ikishampata inammiminia mipira yeye tu mpaka aombe poo. Nilijua watamwandama Mama, nikajiandaa kukimbia kwa miguu ya watu wawili.

Sikujiandaa kwa Mama mwenyewe. Wenzetu wakikutana katikati ya uwanja huziba mdomo kwa mpira ili wapange mbinu. Mama anaziba mdomo na kuniuliza kama nimekunywa maji. Siku ya pili nilibishana na mwamuzi juu ya mpira ulioangukia mstarini, haki yangu kabisa, Mama akaniambia mbele ya uwanja mzima nimwombe radhi mama wa watu. Televisheni ilinasa kila neno. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Halafu kila mpira unaokuja upande wangu, yeye huyo anakatiza mbele yangu akipiga kelele nimwachie. Nikimwachia anapiga, tunapata pointi, ananigeukia na kuniambia nifunge nywele vizuri.

Hivyo hivyo tukafika nusu fainali. Waandishi waliponiuliza siri ni nini, nilijibu kwa madaha kwamba najitahidi kumsaidia Mama. Nisamehe, nilisema hivyo na ilitangazwa.

Nusu fainali tulikutana na yule bingwa ambaye wachezaji wote tunamwita Mrefu, na mwenzake. Mpira wa kwanza ukaja kwangu. Wa pili kwangu. Nikahema, nikaruka, nikaanguka, nikainuka, mpira mwingine huo. Katikati ya seti ya pili nikageuka kumlaumu Mama kwa kunitelekeza, nikamkuta amesimama karibu na wavu, raketi tayari, hana kazi. Ndipo nilipoelewa. Hawakuwa wanamtafuta Mama hata kidogo, walikuwa wanamkwepa. Na zile timu tulizozifunga nazo zilifanya vivyo hivyo, ila Mama alikuwa akiiwahi mipira kabla haijanifikia. Mnyonge ni mimi. Nililia pale pale, nikasingizia jasho. Tulifungwa.

Sasa sikiliza kilichonipandisha hasira. Nikiwa naoga, Mrefu aliingia kwenye chumba cha kubadilishia nguo na kumwambia Mama kwamba mwenzake anastaafu wiki hii, na angependa wacheze pamoja kwenye yale mashindano makubwa ya viwanja vya nyasi. Yale yale, Kaka, ambayo Mama alikuwa amekata tiketi ya kwenda, tumbo lake likamkatalia kwa sababu yako. Mama hakuuliza hata swali moja. Alishukuru, akasema yeye anacheza na mwanawe, na mwanawe bado hajazoea kusimama karibu na wavu. Mrefu akamwomba afikirie. Mama akasema ameshafikiri, kisha akagonga mlango wangu na kuniambia nisuuze sabuni nyuma ya masikio.

Nilipombana aliniuliza ataniacha na nani. Utafikiri ananipeleka chekechea! Nikamwambia nitapata mwenzangu wa rika langu, akaniambia nimalize chakula. Lakini jana, tukikunja nguo, aliuliza kana kwamba hajali, eti nyasi za kule huwa zinateleza asubuhi? Nikasema sijui. Akaikunja fulana ile ile mara mbili.

Basi nakuungamia wewe kwanza. Unajua Mama na kompyuta hawaivi, usajili wake wote nafanya mimi. Leo asubuhi nimemwandikia Mrefu kwamba Mama amekubali, na nimewaandikisha. Usajili umepita. Mama hajui. Majina yakitoka ataniwakia mimi, kisha atakupigia wewe ili muungane kunisema. Nakuomba, usilegee. Usimwambie apumzike, wala kwamba umri umeenda. Akitaka kujitoa nafasi ipo, lakini ajitoe kwa sababu yake mwenyewe, asinitumie mimi kuwa kisingizio kama alivyokutumia wewe. Mwambie wewe uliyekuwa tumboni unataka kumwona anacheza. Mimi nikimwambia ananiuliza kama nimekula.

Soksi zimekauka, na nasikia nikiitwa huko koridoni. Msalimie wifi, mbusu mtoto. Mimi nitakuwa jukwaani, safu ya mbele kabisa, na kila Mama akikaa kupumzika nitamuuliza kwa sauti, televisheni ikisikia, kama amekunywa maji.

Ni mimi mdogo wako,
mnyonge wa timu