Baba, Maneno Niliyoyaruka Ni Haya

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu mchana ule ulipotutoka ukiwa umekaa kwenye kochi ulilolitengeneza mwenyewe, mguu mmoja umevaa kiatu na mwingine bado. Tulikuwa tunajiandaa kwenda kuzungumza na wanafunzi wa sekondari. Walikuwa wameshapangwa kwenye viti, wanatusubiri.

Mama amesema tangazo hili la kumbukumbu la gazetini niandike mimi. "Wewe ndiye uliyekuwa mdomo wake," amesema. Shule yangu iliishia ya msingi, unajua, lakini nitajaribu.

Tunakukumbuka kwenye karakana yako mbele ya nyumba, katikati ya sponji na harufu ya gundi. Misumari midogo ulikuwa unaibana upande mmoja wa mdomo, sigara upande wa pili. Mteja akiuliza kochi litakuwa tayari lini, ulijibu "kesho" bila kudondosha msumari wala majivu, na kesho yako ilikuwa wiki mbili. Sigara ikitoboa kitambaa, ulifunika tundu kwa kifungo, mpaka wengine wakawa wanakuja na maombi: "Fundi, na mimi nitilie vifungo kama vya yule." Kiti cha mjane wa nyumba ya tatu ulikivalisha upya mara tatu, na kila mara ulikataa pesa ukidai ni wewe uliyekosea kipimo.

Sigara ikizimika ulimwita Kaka. Alikuwa na miaka saba, minane. "Nenda jikoni ukaniwashie." Sigara haiwaki kwa kuguswa na moto tu, lazima mtu avute. Kaka alivuta mara moja, mara mbili, akaja mbio akiikinga kwa kiganja isizimike. Hakuna aliyeona vibaya. Mtoto anayetumwa akatumika ni mtoto mwema, ndivyo tulivyolelewa.

Halafu saratani ikakuingia kooni. Madaktari wakakitoa chombo cha sauti, ukarudi nyumbani unapumulia tundu la shingoni. Mama akakupindia vitambaa vya kulifunika kwa mabaki ya vitambaa vya makochi: cha maua, cha mistari, na kile cha kijani cha siku za wageni. Sauti ikawa haipo, midomo tu inacheza. Mama alikuwa anakasirika, "Sema pole pole basi, mume wangu!" Kaka alikuwa anabahatisha, ukiomba maji anakuletea mkasi. Mimi nilikaa mbele yako nikakutazama midomo mwezi mzima, kama anayejifunza kusuka kwa kuangalia, mpaka nikaweza.

Ndipo ukaniambia twende shuleni. Ulitaka watoto wakuone kabla hawajaanza.

Siku ya kwanza nilisimama pembeni yako nikasema ulivyosema: "Mimi nilianza kuvuta nikiwa na miaka kumi na mitatu, na mke wangu alinionya." Darasa zima likaangua kicheko, wananitazama mimi na gauni langu. Wewe ndiye uliyecheka kuliko wote, bila sauti, mabega tu. Wakakupa jina papo hapo, Babu Filimbi, kwa ajili ya mluzi wa pumzi yako. Mmoja akauliza, "Babu, ukipiga chafya inatokea wapi?" Ukafungua kitambaa ukamwonyesha. Kicheko kikaisha. Tulizunguka shule kumi na nne, Baba. Vijana walikufuata mpaka getini wakitoa mifukoni walivyokuwa wameficha, wanakuwekea mkononi.

Unamkumbuka yule mwenye duka mkabala na geti? Sigara za umeme alizipanga kwenye kabati la kioo, katikati ya kalamu na peremende. Ulimsemesha ukiwa umemnyooshea kidole.

"Mzee anasemaje?" akaniuliza.

"Anakusalimia."

Ukanifinya mkono.

"Salamu gani hiyo ya kutoboana macho?"

"Anasema watoto wasiuziwe hizi."

"Hizi si sigara, dada yangu. Huu ni mvuke wa matunda tu. Mwambie mzee asiniharibie siku."

Siku tatu ulikwenda na kigoda chako ukakaa mlangoni kwake, kitambaa umekifungua. Akazitoa kwenye kabati akazificha chini ya meza. Siku hizi anayejua kuomba anapewa.

Mwenye duka, najua unasoma. Siku ile mzee hakukusalimia. Alisema, "Unamuuzia mtoto tundu langu." Mimi niliogopa kukwambia. Sasa umeambiwa.

Maana hiyo ndiyo tabia yangu, Baba, na wewe uliijua. Masikio yako yalikuwa mazima. Kila shule kulikuwa na maneno uliyoyasema mwishoni: "Mwanangu mkubwa anavuta mpaka leo, na mimi ndiye niliyemtuma aniwashie." Kila shule niliyaruka. Nilisema "Asanteni kwa kutusikiliza" na kukushika mkono tuondoke. Kaka ni fundi bomba, anaingia majumbani kwa watu, nilimwonea aibu.

"Umeruka," uliniambia njiani.

"Nimeruka. Kaka ni wa kwetu, Baba."

"Na wale watoto ni wa nani?"

Nilitazama barabara ili nisikuone midomo.

Lakini nililolificha zaidi ni la Kasuku, kitinda mimba wako. Hili hukulijua mpaka unafumba macho, na ndilo lililonifanya nisiweze kukuandikia mapema.

Miezi mitano kabla hujatutoka, chumba ninacholala na Kasuku kilianza kunukia stroberi. Nilidhani ni mafuta ya nywele. Wewe usingeweza kujua. Tangu pumzi ihamie shingoni pua yako ilikuwa pambo tu, ulisema mwenyewe. Nyumba nzima tulikuwa tunalinda moshi, Baba, tunanusa nguo za Kaka, na hiki hakikuwa na moshi unaonuka. Nikakikuta kwenye mkebe wake wa kalamu: kijisigara cha umeme chenye umbo la kalamu.

"Dada, usimwambie Baba," aliniambia, kanishika magoti. "Hii siyo sigara. Sigara ni zile za Baba na Kaka. Nitaacha Jumapili."

Nilikuona umekonda, nikaona nikuhurumie. Nikaliruka na hilo. Jumapili ile ikapita, na nyingine, na sisi tuliendelea kwenda shuleni kuwaonya watoto wa watu huku mwenye pumu wetu, wa miaka kumi na sita, amelala kitanda cha pili akivuta chini ya shuka.

Ulipoondoka alizidi. Sasa haweki mguu chini asubuhi kabla hajakipapasa hicho kikalamu. Shuleni wamembeba mara mbili hadi zahanati, midomo imekuwa ya buluu. Yule uliyempa jina la Kasuku kwa kutonyamaza, siku hizi anasema maneno matatu, anakohoa, anapumzika. Nesi wa zahanati alinitoa nje akaniambia bila kuzunguka: "Nikotini imemkamata, na kifua chake hakina akiba. Akibanwa mbali na hapa, sijui kama mtamfikisha."

Kila wiki nesi anakaa naye amsaidie kuacha. Amehudhuria mara nne, mara mbili amekimbia. Mwezi uliopita aliacha siku nane. Alimtukana Mama matusi ambayo sijui aliyatoa wapi, akaomba radhi, akatukana tena. Kisha nikamkuta chooni nacho mdomoni, analia huku anavuta. "Dada, nifunge kamba," akasema. "Siwezi. Kweli siwezi." Nikakaa naye sakafuni. Nilitafuta ungesemaje wewe. Nilizoea kutazama midomo yako ndipo nifungue wangu, Baba, na pale hapakuwa na wa kumtazama. Nilimshika tu, na mpaka leo sijui cha kusema.

Kwa hiyo nawaambia mnaosoma hapa na mna pua zinazonusa: ingieni vyumbani mwa watoto wenu. Msingoje moshi. Harufu ya matunda pasipo na tunda, kalamu isiyoandika, kikohozi cha kila asubuhi, ulizeni. Ulizeni kwa upole, lakini ulizeni siku hiyo hiyo. Msinyamaze kwa huruma kama nilivyonyamaza mimi. Na kama mtoto amekwisha kukamatwa, mpelekeni zahanati, msimpige. Tumejaribu kumpiga pia. Haisaidii.

Nilimwomba Kaka ruhusa ya kuandika haya. Alikuwa amejiinamia kwenye sinki anafungua bomba.

"Andika," akasema.

"Jina lako litachafuka."

"Wateja wangu wananinusa kila siku, mdogo wangu. Nani hajui? Andika."

Kasuku naye nilimpa asome kabla ya kupeleka. Nilikaa tayari kwa matusi. Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akaweka kidole.

"Umeandika niliacha siku tisa. Zilikuwa nane. Ya tisa nilikudanganya."

Nimefuta tisa, nimeandika nane.

Baba, sijui kama mwakani tutaandika kumbukumbu hii tukiwa idadi ile ile. Sitaki kukupamba kwa maneno ya faraja ambayo sinayo. Usiku sipati usingizi, nasikiliza kifua chake kama nilivyosikiliza chako.

Wanaokukumbuka ni mkeo. Mwanao mkubwa, fundi bomba, ambaye bado anavuta. Mkwe wako, mke wa Kaka, na wajukuu wako wawili. Mimi binti yako. Na kitinda mimba wako Kasuku, ambaye ametaka iandikwe kwamba jana alivuta, na kwamba leo, saa nne hii ya asubuhi tunapotoka kupeleka tangazo hili, bado hajavuta.

Upo nasi kila siku, Baba. Hatutakusahau kamwe.