Rangi Iliyorudi Nzima Kutoka Stesheni

Mama Hadija,

Arobaini yako imepita juzi. Watu walikuja wengi, wa hapa Gongoni na ndugu zako wa Nzega, na chakula kilitosha. Hadija amerudi kwa mumewe. Nyumba imebaki na mimi na redio. Nina neno, na wa kuambiwa ni wewe peke yako. Nina wivu. Nilidhani wivu huo utazikwa nawe, kumbe umebaki kwangu.

Wanawake walipokuwa wakigawana nguo zako, Siwema, mwenzako wa dirisha la tiketi, alikuta kikopo kidogo cha bati chini ya kanga. Nikadhani ni dawa. Akacheka, kisha akaona haya kucheka siku kama ile. "Shemeji, miaka yote hii hukujua? Hili ndilo kufuli la mdomo wake."

Ngoja nieleze nilivyoelewa, ingawa fundi ni wewe. Unajua siwezi kulipita jambo bila kulifundisha. Rangi ya mdomo ni mafuta, ndiyo maana hukimbilia kikombe. Ulikuwa unapaka, unabana karatasi laini kati ya midomo, unagusisha poda ili inyonye mafuta yaliyozidi, kisha unapaka tena. Mwisho, kwa ncha ya kidole, unatandaza nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya nyonyo, nyembamba kabisa. Nta inaziba. Chai inapita juu yake kama mvua juu ya bati.

Na mimi je? Tangu ulipopata kazi, mara tu baada ya uhuru, kila saa kumi na nusu nilikaa barazani na madaftari mapajani, nikijifanya nasahihisha. Kumbe nausubiri mdomo wako. Ukirudi rangi imefifia katikati, nauliza, "Leo umekula na nani?" Siku moja ulinijibu, "Nimekula na meno yangu, Mwalimu," ukaingia ndani, na hukunisemesha mpaka kesho yake. Ulikuwa mzuri, stesheni inapitisha wanaume wa kila mji, na mimi niliamini kwamba rangi ya mdomo haidanganyi.

Baadaye ukaanza kurudi nayo nzima. Ilikuwa baada ya Azimio la Arusha, maduka hayana kitu, vijana wanawazomea wanawake waliojipamba. Nikasema moyoni, mke wangu ametulia. Nilijipongeza, Mama Hadija. Miaka yote hiyo nililala usingizi mzuri juu ya nta.

Kwa hiyo Siwema alipomaliza kunieleza, damu ilinichemka upya. Nikamuuliza, "Alikuwa anamficha nani?"

Mama wa watu akanijibu, "Alikuwa anakuficha wewe, shemeji. Kabla ya nta alikuwa anashinda na kiu. Tukimimina chai anasema, nikinywa nitaulizwa. Siku ya kwanza ya kikopo hiki alikunywa vikombe vitatu."

Vikombe vitatu.

Nakumbuka ulivyokuwa ukiingia na kwenda moja kwa moja mtungini, hata viatu hujavua. Nilidhani ni tabia yako tu. Mimi, mwalimu wa sayansi.

Ungedhani aibu ingeua wivu. Haikuua. Siwema aliniambia pia kwamba nta ilitoka stesheni ya Tura, ikiletwa na Saidi, yule gadi wa treni mwenye kicheko kikubwa, na kwamba stesheni nzima ilijua ni ya kazi gani. "Akishuka tu anaita, nta ya Mwalimu imefika!" Nta ya Mwalimu! Walinicheka kwenye chai, nawe ukacheka nao. Hilo ndilo linaloniuma. Mkono wako kama aliushika au hakuushika, sijui. Lakini alikuona ukinywa na kucheka bila kupima neno. Mimi niliutazama mdomo wako kila siku ya Mungu, na sikuwahi kuuona hivyo.

Jana nikavaa kanzu nikaenda stesheni. Swali nilikuwa nimeshalipanga. Saidi alikuwa kwenye jukwaa na bendera yake ya kijani, amezeeka kuliko mimi. Aliponiona akavua kofia. "Pole sana, Mwalimu. Tumepungukiwa."

Alisema tumepungukiwa. Si umepungukiwa, tumepungukiwa! Kana kwamba wewe ulikuwa wetu sote. Nilitaka kumkamata ukosi. Badala yake nikasimama pale, kinywa kikavu, mpaka Siwema akanipitishia kikombe dirishani. Nikanywa nimesimama katikati yao. Ilikuwa chai nzito, ya tangawizi. Saidi akasimulia jinsi ulivyowahi kumkatia abiria mmoja tiketi ya Kigoma naye anataka Mwanza, ukamkimbilia hadi behewani huku umeshika viatu mkononi. Wakacheka wote. Nami nikacheka, halafu ikanibidi nigeuke nitazame reli. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Sasa nakuaga, mke wangu. Mungu akupumzishe mahali penye maji mengi. Ahadi yangu ni ndogo, lakini ni ya kweli: Saidi sitamuuliza, si leo wala siku yoyote. Kuacha kumwonea wivu sikuahidi. Ungejua nakudanganya.

Mumeo,
Mwalimu