Unga Niliokutumia

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi vizuri, wewe, shemeji na wajukuu. Mimi ni mzima, nimenenepa hadi mkanda nimeutoboa tundu jipya, na mashine yangu ya kusaga bado inasifiwa mtaa mzima. Nimezunguka miji mingi, dada, lakini unga usiokobolewa ukawa laini kama wangu sijauona.

Ila kuna jambo limeingia mtaani. Yupo mwalimu mstaafu, mteja wangu, hagusi nyama wala samaki. Chakula chake ni unga wangu na maharage, asubuhi na jioni. Zamani alikuwa na meno ya kutangazia dawa ya mswaki. Sasa yamekwisha. Hayakung'oka wala hayakuoza. Yamelika tu, kama kipande cha sabuni. Mkewe vilevile. Na fundi viatu aliyeacha nyama kwa sababu ya gauti, siku hizi anakunywa maji ameinamisha kichwa upande mmoja.

Unanijua, sikukosa la kusema. Niliwatangazia wateja kwamba meno yameumbwa kwa ajili ya nyama, ukiyanyima yanasusa. Nikawa daktari wa mtaa, mimi niliyeingia darasa la sita kwa mlango nikatokea dirishani. Mwalimu akasema mbona ng'ombe hali nyama na meno anayo. Nikamwambia ng'ombe hanunui unga. Watu wakacheka, naye akacheka, ameziba mdomo.

Jumatatu akaja daktari wa meno mwenyewe. Hakugomba. Aliomba kijiko cha unga na glasi ya maji, akakoroga, akaacha utulie, akamwaga ya juu taratibu. Akarudia mara tatu. Chini ukabaki mchanga wa kijivu. Akasema walaji nyama unga wangu wanaula kidogo, wale wengine wanaula kila mlo, ndiyo maana wametangulia. Neno lake hilo, wametangulia. Akaenda zake.

Sasa nikuambie nisilomwambia yeye. Miaka miwili iliyopita jiwe la kusagia lilimeguka, pengo la upana wa kiganja. Jiwe jipya lingechelewa, nami nikajitia ufundi: nikaziba kwa saruji na mchanga, nikasugua, nikajisifu. Juzi nimelifungua. Kiraka hakipo. Nimekiweka mara nne, dada, na kila kilipokwisha sikujiuliza kimekwenda wapi.

Na wewe, tangu hospitali wakukataze nyama, kila mwezi nakutumia gunia. Uliponiandikia kwamba maji baridi yanakutia ganzi la meno, nilikujibu kwa utani urudi kwenye nyama. Barua zako mbili baada ya hapo hazikutaja meno tena. Ya mwisho ilisema wajukuu wanaupenda uji wangu, hata yule anayeota meno sasa.

Unga huo umwage wote. Usiwape hata kuku. Mashine nimeizima, na nikishaipeleka barua hii posta nakwenda kwa mwalimu kusema kwa mdomo wangu.

Msalimie shemeji. Wajukuu uwasimamishe dirishani penye mwanga, uwatazame midomoni mmoja mmoja, kisha uniandikie ulichokiona, bila kunionea huruma. Meno yangu nimeyapapasa kwa ulimi asubuhi hii. Hayafiki yalipokuwa yakifika.

Mdogo wako,
yule uliyempa jina la Mjuaji