Kwanza Pampu ya Upepo, Mundhir

Mwanangu, harisi iko kwenye sufuria, mbakishie dada yako. ~~Funguo za gari ziko juu ya friji.~~ Funguo nimekwenda nazo kwa bibi yako.

Asubuhi nimekuta matairi yamelala. Kupunguza upepo ili gari lipande vilima vya mchanga jangwani ni sawa. Lakini ukarudi nayo hivyo hivyo kwenye lami, mbio! Nilipokuuliza ukacheka: "Mama, wewe pika, gari niachie mimi." Haya. Ami yako Sulayyim naye alijua gari. Tairi lililopungua upepo lilimtoka kwenye lami, leo anatembelea fimbo.

Hizo taa unazotaka kufunga juu ya paa la gari zingoje, jua la Oman linatosha. Nunua kwanza pampu ya kujazia upepo. Iweke hapa mezani niione, nami nitaweka funguo kando yake.

Mama yako