Maji Yako, Maneno Yangu

Padri wangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu, na shikamoo, huko Ulaya uliko, kama ulifika. Tangu wapagazi walipokuteremsha kwa machela, nami nikakusindikiza mpaka Mkuyuni, hatujasikia habari zako.

Nakuandikia kwa sababu nimechanganyikiwa. Unamkumbuka binti yangu Veronika? Siku ya ubatizo wake ugonjwa ulikuwa umeshakuzidi. Ulianza vidoleni, nikawa nakufungia vifungo vya kanzu. Ukaingia miguuni, tukawa tunakubeba na kiti mpaka kanisani. Mwisho ukakamata ulimi. Ukashika kata ya maji kwa mikono miwili, ukafungua kinywa, maneno hayakutoka. Ukungu umefika mlangoni, mtoto analia kwa baridi. Ukanigeukia, neno moja moja kwa shida: "Mwalimu... nisaidie... ulimi."

Nikakusaidia. Wewe ukamwaga maji, mimi nikatamka yale maneno ya Kilatini ulivyonifundisha. Ukacheka huku mate yakikutoka, nikayafuta kwa kanga ya mke wangu. Sikukuona tena na furaha kama ile.

Sasa padri mpya anasema ule haukuwa ubatizo. Anayemwaga maji ndiye anayesema maneno, basi. Anataka tumlete mtoto tena.

Mke wangu kafura. "Mwanangu kabatizwa na watu wawili, kwani kapungukiwa nini?" Nacheka, halafu nakumbuka homa za huku mlimani hazina simile. Veronika akitutoka hivi hivi, nitamwambia nini Mungu? Lakini nikimpeleka, ni kama nasema siku ile ulimlowesha tu. Mara nakuonea huruma, mara nakukasirikia. Ulijua, Padri, ukanyamaza? Au furaha ilikusahaulisha? Namuuliza nani, na wewe haupo?

Nimeamua kumpeleka Jumapili. Padri mpya amenieleza kwamba ataanza kwa kusema, "Kama hujabatizwa, mimi nakubatiza..." Akimaliza, mimi ndiye wa kuitikia Amina mbele ya watu wote, maana ndiyo kazi uliyoniachia. Nimejaribu kuitamka peke yangu shambani, inanikwama.

Popote utakapokuwa Jumapili hiyo, Padri wangu, nisaidie ulimi.

Mwanao,
mwalimu wako wa dini