Umeonwa na Daktari Kabla Yangu

Chelangat dadangu,

Chamgei! Natumaini wewe, shemeji Kipkirui na Mama mko wazima huko Boito, na mvua haijawazuia kuchuma chai. Na mtoto, analala? Mimi niko hai. Barua hii nimempa muuguzi mmoja wa Kabianga anayerudi nyumbani kwa likizo, kwa sababu kwenye simu ya video ungeuona uso wangu.

Najua umeshangaa kwa nini nimenyamaza tangu ulipojifungua. Sitazunguka: nilikuonea wivu. Bado nakuonea.

Sisi wawili tulipata uvimbe kwenye kizazi. Mimi ndiye niliyeanza kutokwa na damu, na mimi ndiye niliyekusukuma uende hospitali. Ulienda Kericho, halafu ukanipigia ukilalamika eti umekaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa tisa ndipo daktari wa akina mama akakuita. Mgongo umekuuma, ulisema. Nilikuwa jikoni nikimpikia uji yule mama mzee ninayemtunza. Nilifunga macho. Benchi ya siku moja! Na mwezi uliofuata wakakupasua, wakatoa uvimbe wote.

Huku Uingereza hatukai kwenye benchi. Tunangojea nyumbani, kimya. Nilipewa tarehe, ikaahirishwa. Nikapewa nyingine, nayo ikaahirishwa. Nikipiga simu, msichana ananijibu kwa upole, "Samahani, bado uko kwenye foleni." Upole huo unaniudhi kuliko matusi. Ulipopasuliwa nilikuwa nangoja. Ulipopata mimba nilikuwa nangoja. Na huko nyumbani kila mtu anasema Chepkoech ana bahati, yuko kwa wazungu, hawezi kukosa matibabu.

Mama aliponipigia akipiga vigelegele kwamba umepata msichana, nilimwambia nimefurahi sana, halafu nikazima simu na kujifungia chooni kazini. Nililia kwa hasira, Chelangat, kama mtu aliyenyang'anywa kitu chake.

Haikupita wiki, nikaanguka. Nilikuwa namtoa yule mama bafuni, macho yakaingia giza. Ni yeye, na miguu yake ile mibovu, aliyefika kwenye kengele na kuita msaada. Hospitalini waliniongeza damu. Asubuhi daktari akaja kando ya kitanda.

"Uvimbe umekua sana," akasema. "Ukizidi kukua, huenda tukalazimika kutoa kizazi chote."

"Basi nipasueni sasa."

"Tutakusogeza mbele. Labda miezi michache."

"Kama ningekuwa dadako, ungeniambia ningoje?"

Alinivutia blanketi hadi mabegani, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Hapo ndipo nilipokata shauri. Nimeomba ruhusa kazini na wamekubali. Nakuja nyumbani. Nenda uongee na daktari wako, mwambie dadako anakuja, na hali yangu ni hiyo niliyokueleza. Mama usimwambie nilianguka. Mwambie nimekumbuka maziwa yake ya mursik.

Nisalimie Kogo, nyanya yetu, ambaye najua ananiombea hata akisahau jina langu. Msalimie shemeji, mwambie asante kwa kukuuguza ulipotoka hospitalini. Msalimie pia mama jirani anayekusaidia kuosha nguo za mtoto. Na mwanao Cherotich, mwambie ana mama mkubwa mwenye moyo mbaya kidogo, lakini anakuja.

Ukija kunipokea, njoo naye. Usimwache kwa Mama ukiogopa nitaumia. Nikinuna njiani, niache ninune, wewe endelea kumnyonyesha. Lakini siku tutakayoingia kwa daktari, akisema kizazi hakiwezi kuokolewa, nakuomba usinipe mtoto nimbebe siku hiyo.

Nipe kesho yake.

Ni mimi dada yako,
Chepkoech